Mgeni wa Siku ya Tatu: Mwongozo kwa Anayekwenda Ngara na Biharamulo Kutafuta Kirusi Kipya Tumboni mwa Watu

Kama unasoma mwongozo huu ndani ya basi, na miguuni umebana sanduku la barafu lenye vikopo mia mbili vitupu, basi tunajuana. Umekuja kutafuta virusi vipya kwa watu wanaoharisha na kutapika. Mradi wako una jina refu, fomu zako zina mihuri, na kwenye simu una namba ya mtu aliyeahidi kukupokea. Hajapokea tangu Kahama.

Usihofu. Wengi wamepita njia hii kabla yako, na baadhi yao walikipata walichokitafuta. Wengine, kilichotafutwa kiliwapata wao. Maelekezo haya yatakusaidia kubaki katika kundi la kwanza.

1. Jua uliposhuka

Nyakanazi ni njia panda iliyoota nyumba za kulala wageni. Hapa inakata barabara ya Kigoma. Ukisogea hadi Lusahunga, inakata ya Biharamulo na Bukoba. Ukisogea tena hadi Benaco, inakata ya Ngara mjini, na ile kuu inateremka mpaka daraja la Rusumo; ng'ambo ni Rwanda. Ukitoka Ngara mjini kwenda Kabanga, ng'ambo ni Burundi. Malori ya shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam yanapita hapa usiku na mchana.

Sasa fanya hesabu hii kabla hujafungua kikopo hata kimoja. Dereva kala ubwabwa Kahama. Tumbo limeanza kumkata Lusahunga. Kanunua vidonge Benaco. Kaanguka kitandani Kigali. Ni mgonjwa wa wilaya gani? Kahama walimwona mzima. Lusahunga alisimamisha lori akachimba dawa porini, na kichaka hakijazi fomu. Benaco alikuwa mteja. Kwa takwimu za mkoa wa Kagera, dereva huyu hakuwahi kuumwa.

Usijidanganye pia kwamba wewe ndiye wa kwanza kuwaletea wenyeji habari za tumbo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda, na pale Benaco ukaota mji wa maturubai uliouzidi Bukoba kwa wingi wa watu. Julai mwaka huohuo, huko Goma upande wa Zaire, kipindupindu na kuhara damu viliwaua wakimbizi wanaokadiriwa kufika 50,000. Magonjwa hayo mawili ni kazi ya bakteria wanaojulikana kwa jina na kwa sura tangu zamani za Wajerumani. Liandike hilo kwenye jalada la daftari lako: choo kikikosekana na maji yakiwa machafu, ugonjwa wa zamani unatosha kabisa kuua.

2. Jifunze Kiswahili cha tumbo

Fomu yako inauliza: "Je, umepata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24?" Hicho ndicho kipimo cha kimataifa cha kuharisha, na hakina kosa. Kosa ni kumuuliza hivyo mama mwenye umri wa mama yako, mkwewe akiwa amekaa pembeni.

Tumbo lina adabu zake. "Tumbo limefunguka" ni kuharisha kwa heshima. "Naendesha" ni kuharisha kusiko na siri tena. "Tumbo linasokota" ni maumivu, choo kinaweza kuwepo au kisiwepo. "Nimeamkia chooni" maana yake mgonjwa alipoteza hesabu saa nane usiku, kwa hiyo usimlazimishe kuchagua kati ya mara tano na mara sita. "Chango" ni neno lenye vyumba vingi: minyoo inakaa humo, maumivu ya hedhi yanakaa humo, na mara nyingine ugonjwa wako nao umepanga chumba. Haya yote ni kwa Kiswahili tu. Mgonjwa wako huenda analieleza tumbo lake vizuri zaidi kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza au Kisukuma, na Kiswahili anakitumia kwa kukuhurumia.

Neno moja lakini ulikariri kabla hujalala: "nimelishwa." Mtu akisema kalishwa, anakuambia kuna mkono wa mtu. Akisema nyumba nzima wamelishwa, mgeni mwenye shahada hutabasamu na kugeuza ukurasa. Wewe usigeuze. Aliyesema hivyo amekwisha kufanya kazi uliyotumwa kuifanya: ameona wagonjwa kadhaa, ameona wanafanana, na ameona wanahusiana. Alichokosea ni mshukiwa tu. Muulize nani alianza, nani alimuuguza, nani aliosha maiti. Atakujibu kwa siku na saa, maana amekuwa akiichunguza kesi hiyo kwa wiki nzima bila posho.

3. Heshimu utatu

Katika nchi yetu mtu mzima hana ruhusa ya kuumwa nje ya magonjwa matatu: malaria, taifodi na UTI. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mahali fulani na tumbo lililochafuliwa na samaki wa jana, nikatoka nayo yote matatu na mfuko wa vidonge wa kulisha kuku. Nilipouliza ni lipi hasa, nikaambiwa kwa upole, "Baba, tumezuia kila upande."

Taifodi ina historia yake. Kipimo kinachompa kila mtu taifodi kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana naye, au kukutana na jamaa yake, au kuchanjwa. Kumpima Widal mara moja mtu aliyekulia penye maji ya kisima ni kama kumuuliza kama amewahi kudaiwa. Atasema ndiyo, na hujajua lolote la leo.

Madhara ya utatu huu ni makubwa kuliko gharama ya vidonge. Antibiotiki hazigusi kirusi. Mgonjwa anatoka duka la dawa muhimu akiwa na Flagyl na moyo mtulivu, anarudi kitandani, ndugu wanamfulia mashuka kwa mikono mitupu. Kama kilichomo tumboni ni kirusi cha kawaida cha watoto, kitapita chenyewe na Flagyl itasifiwa. Kama ni kile cha kuua, kimekwisha kupewa siku nne za bure.

4. Adabu za kikopo

Hapa ndipo wageni wengi huanguka. Kikopo ni kitu kidogo, cha plastiki, chenye mfuniko wa rangi na kijiko kilichoshikana na mfuniko. Wewe umekizoea. Mwenzako hajawahi kuombwa kitu hicho na mtu yeyote, wala hakuwahi kufikiri kwamba kina thamani.

Utakaa naye kwenye benchi la nje ya zahanati, chini ya mwembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula, bibi. Pole na tumbo."

"Nimekwisha kupoa. Sasa hiki kidude nikijaze?"

"Hapana bibi, kidogo tu, kama kijiko cha chai."

"Halafu?"

"Tunakipeleka Dar es Salaam, kwenye mashine."

Bibi atakitazama kikopo, kisha atalitazama gari lako. "Mimi Dar sijafika. Marehemu babu yako alifika mara moja, akarudi na kofia. Leo mavi yangu ndiyo yanapanda gari?" Atacheka mpaka ashike ubavu, kwa kuwa bado unauma. Kisha ataacha kucheka. "Babu alirudi na kofia. Haya yangu yatarudi na nini?"

Fomu ya ridhaa ina kurasa nne na sehemu ya kuweka dole gumba, na swali hilo halimo. Ni bora uwe na jibu. Kama sampuli itakaa kwenye jokofu miezi minane ikisubiri vitendanishi, mwambie. Kama majibu yatarudi yakiwa orodha ya majina marefu ambayo hakuna dawa ya hata moja kati yake, mwambie pia. Ukimdanganya bibi mmoja leo, kesho kitongoji kizima kitakuwa na tumbo zima kabisa kila gari lako linapopita.

Wakati unafikiria jibu, mpe cha leo. Pakiti ya ORS, na kama imekwisha, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kwa mtoto ongeza vidonge vya zinki siku 10 hadi 14. Maji haya hayana jina la kuvutia wafadhili. Mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wenye kipindupindu kambini Bangaon, India, dripu zilipomwishia, akapunguza vifo kwa namna iliyowashangaza wenzake. Mgonjwa anayeharisha huuawa mara nyingi na ukavu, na ukavu hauhitaji kupelekwa Dar es Salaam ili utambuliwe. Finya ngozi ya tumbo la mtoto uiachie. Ikichelewa kurudi, umepata majibu.

5. Usiiamini mashine siku ya kwanza

Kuna mashine za aina mbili, na ni vizuri ujue unayo ipi.

Ya kwanza ni PCR. Hii ni kama mgambo wa soko aliyepewa picha ya mwizi mmoja. Mwizi huyo akipita, hata amevaa kofia, mgambo atamkamata. Mwizi mwingine akipita amebeba runinga kichwani, mgambo atampisha njia, maana hakupewa picha yake. Kwa hiyo jibu la "hakuna" lina maana moja tu: yule uliyemuuliza hayumo kwenye sampuli hii. Halisemi mgonjwa haumwi.

Ya pili haina picha ya mtu. Inasoma vipande vyote vya vinasaba vilivyomo kwenye kikopo, vya kila aliyepita, kisha inalinganisha na orodha ya dunia. Hii ndiyo unayoitegemea upate kirusi kipya, na hii ndiyo itakayokuaibisha. Utumbo ni soko la mnadani. Virusi vingi vilivyomo havina habari na binadamu. Vinawinda bakteria wake. Vingine vilikuja na chakula. Mwaka 2006, watafiti waliosoma virusi vya RNA kwenye kinyesi cha watu wazima wenye afya nzuri walikuta kilichotia fora ni kirusi cha ugonjwa wa pilipili. Watu walikula pilipili; pilipili ndiyo iliyokuwa inaumwa. Kwa hiyo mashine ikikupigia kelele saa tisa usiku kwamba imeona kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwa mgonjwa wa Ngara, kabla hujampigia profesa, uliza mgonjwa alikula nini.

Ukimaliza kuuliza mgonjwa, uliza vifaa vyako. Mwaka 2013 kirusi kilichodhaniwa kipya, kilichohusishwa na wagonjwa wa homa ya ini huko China, kilifuatiliwa hadi kwao. Kwao palikuwa ndani ya vichujio vya silika vya kusafishia sampuli, vilivyonunuliwa dukani vikiwa safi kwa macho. Ini halikuhusika. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara mwenye uzoefu hupitisha kikopo cha maji matupu sambamba na vya wagonjwa. Kikopo cha maji kikiugua, anafunga mashine na kuanza upya.

Na usisahau kuchukua sampuli kwa wasioumwa. Watoto wengi wanatembea na virusi vya tumbo huku wanacheza mpira wa makaratasi. Kumkuta kirusi nyumbani kwa marehemu hakumfanyi awe muuaji; huenda alikuja kwenye msiba.

Kisha jiulize hilo neno "kipya" lina maana gani. Rotavirusi ilionekana mwaka 1973 Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walipoweka kipande cha utumbo wa mtoto anayeharisha chini ya darubini ya elektroni. Norovirusi ilionekana 1972, kutoka sampuli za mlipuko wa shule moja ya mji wa Norwalk, Marekani, wa mwaka 1968. Watoto wa Biharamulo walikuwa wakiharishwa na vitu hivi kabla Melbourne haijawa mji. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rotavirusi kwa watoto mwaka 2013, na bibi yetu wa kikopo, aliyezika wajukuu kabla ya hapo, hakuhitaji darubini kujua kwamba kulikuwa na kitu.

6. Mtambue mgeni wa siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna mgeni mmoja ambaye jembe hulichukua mwenyewe.

Anaingia na homa kali ya ghafla, kichwa kupasuka na mwili kuuma. Siku ya kwanza ni malaria. Siku ya pili bado ni malaria. Siku ya tatu anaanza kuharisha maji, tumbo kukata, kutapika. Hapo kitabu cha zahanati kinasema tumbo. Damu ambayo watu huiona kwenye picha za kutisha, ikitokea, mara nyingi hutokea kati ya siku ya tano na ya saba, na kufikia hapo mgonjwa ameshashikwa na mikono ya watu wote wanaompenda.

Huyo ni kirusi cha Marburg. Huchukua siku 2 hadi 21 tangu kuambukizwa hadi dalili. Kwa wastani huua karibu nusu ya wanaougua. Nyumba yake ya kawaida ni popo walao matunda wanaolala mapangoni na kwenye migodi, wale wa jamii ya Rousettus. Uganda waliwakamata nao baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka kuugua mwaka 2007. Kutoka kwa mtu hadi mtu hupita kwenye damu, matapishi, kinyesi, mashuka na maiti. Hapa kuna mtego uliotegewa watu kama wewe: mgonjwa anaharisha, wewe unachukua kikopo, unaenda zako. Marburg hutafutwa kwenye damu. Ukiliandama tumbo peke yake, utatoka na orodha nzuri ya virusi vya pilipili na kumwacha mwenye jembe ndani.

Kagera imemwona mara mbili. Machi 16, 2023 serikali ilitangaza ugonjwa usiofahamika katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini: watu 7, vifo 5. Tarehe 21 jina likapatikana. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha Juni 2, wagonjwa walikuwa 9 na waliokufa 6. Wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria. Kati ya waliofuata walikuwemo ndugu zake, na wahudumu wa afya wawili, mmoja akafariki. Hawa wawili ndio ninaowakumbuka kila nikiona mtu anamvua mgonjwa shati bila glavu kwa kuwa "ni tumbo tu".

Mara ya pili ilikuwa Biharamulo. Rwanda ilikuwa ikikaribia kufunga mlipuko wake wa mwaka 2024, wagonjwa 66 na vifo 15, pale mwanamke mmoja wa Biharamulo alipoanza kuumwa, Desemba 9. Wiki moja baadaye alifariki. Kichwa, homa, mgongo kuuma, kuharisha, kutapika damu: hiyo ndiyo orodha iliyojirudia kwa waliofuata. Mlipuko ulipokwisha, Machi 13, 2025, hesabu ilikuwa watu 10, na wote 10 walikufa. Wawili tu ndio walithibitishwa na maabara. Wanane walikwisha kufa kabla mlipuko haujathibitishwa, wakabaki kwenye kumbukumbu kama "wanaodhaniwa". Maabara haipimi kaburi.

7. Jifunze kutangaza, na kunyamaza

Ukipata kitu, usiite waandishi. Pia usikikalie. Kati ya mambo hayo mawili kuna njia nyembamba kama ya mbuzi, na imewachosha watu wakubwa kuliko wewe.

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa 9 washukiwa Kagera, 8 wakiwa wamekufa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, mkuu wa shirika hilo Tedros Adhanom Ghebreyesus akiwa pembeni yake Dodoma, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika: maabara inayohamishika ya Kabaile, hukohuko Kagera, ndiyo iliyopima, na Dar es Salaam ikahakiki. Kwa siku sita hizo, mgambo wa PCR alikuwa anasema kweli kuhusu waliopita mbele yake. Wengine hawakupita mbele yake. Somo lake si la siasa: jibu la "hakuna" lina tarehe ya kwisha muda, kama maziwa.

Baada ya tangazo, kazi inakuwa ya miguu. Watu 281 waliokaribiana na wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa kila mmoja kwa siku 21, mlango kwa mlango, na watu wanaojua jina la mbwa wa nyumba ile. Kisha zinahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya. Hakuna mashine katika kazi hiyo. Kuna daftari, pikipiki, na mtu wa kumsubiri mzee aamke.

Kuhusu jina, ushauri ni mfupi: usitoe. Mji wa Marburg uko Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko, na Frankfurt na Belgrade, waliambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. 31 waliugua, 7 wakafa, na mji ukabaki na jina ambalo wenyeji wake hawakuliomba. Wamakonde wa Newala waliugua mwaka 1952 wakauita ugonjwa kwa umbo la mgonjwa anavyokunjika, na leo dunia nzima inasema chikungunya. Na Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi walipopata watu 20 wenye homa na kutoka damu puani, 3 wakafa, nchi nzima ikakaa ikisubiri kirusi cha kutisha. Kikaja kijibakteria cha leptospira, kinachotibika, na kikaitwa homa ya mgunda. Mtu aliyekuwa amekwisha kuandaa jina la kisayansi alilifuta kimyakimya.

8. Kabla hujaondoka, omba kuona daftari

Sasa tuseme umemaliza. Vikopo vimejaa, vimefungwa tabaka tatu, barafu inayeyuka, dereva anapiga honi. Ingia tena ndani ya zahanati uombe kwa adabu kukiona kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje, kile namba 5.

Ni kitabu kikubwa, kona zake zimekunjamana, na kina safu nyingi kuliko muda wa anayeijaza. Muuguzi mmoja, asubuhi moja, wagonjwa 60. Jina, umri, mahali anapoishi, ugonjwa, dawa. Kwa hiyo amebuni njia yake: mahali panapofanana na mstari wa juu, hachoki kuandika upya. Anachora vijistari viwili, vile tulivyofundishwa shuleni, yaani "kama hapo juu". Wakaguzi wa wilaya hawavipendi. Wanasema ni uvivu.

Pitisha kidole chini ya safu ya makazi. Vijistari viwili. Chini yake, vijistari viwili. Chini yake tena. Rudisha kidole kwenye safu ya ugonjwa: homa na kuhara, kama hapo juu, kama hapo juu. Geuza ukurasa wa juzi. Yule wa kwanza, aliyeandikwa kwa maneno kamili, alikuwa mama. Wa leo wana jina lake la ukoo.

Huhitaji umeme kuiona hiyo. Muuguzi ameiona kabla yako. Jana jioni, wa mwisho alipoondoka, alivaa glavu mbili kufuta benchi kwa maji ya klorini, akampigia mratibu wa wilaya, na mratibu alipokosekana akapiga namba ya afya, 199. Ameniambia aliogopa kuonekana anakuza mambo. Hakuwa na jina la kutaja, wala la kirusi wala la bakteria. Alisema tu: "Wametoka nyumba moja, na hawafanani na wa kila siku."

Kama kuna kirusi kipya kitakachogunduliwa Ngara au Biharamulo, kitagunduliwa kwanza hivyo. Vikopo vyako na mashine yako vitakuja baadaye kuandika jina kwenye safu iliyoachwa wazi, nayo ni kazi ya heshima. Kwa hiyo ukipata fedha za mradi wa pili, kata kidogo kwenye bajeti ya vitendanishi umnunulie muuguzi huyu glavu, vocha, na mwenzake wa kugawana naye wale 60. Na majibu yakitoka, yarudishe. Si kwa barua pepe kwa mkoa. Yarudishe kwa gari, mpaka chini ya mwembe.

Bibi bado anauliza kama kofia imefika.